Pakiti ya Hopsi Iliyozuiliwa Posta

Ofisa wa forodha alipasua pakiti ya mama mmoja mjane, fundi cherehani, mbele ya watu posta, akatangaza kwamba ni bangi.

"Bangi ya wapi, mwanangu? Hayo ni maua ya hopsi, ya kutia uchungu na harufu kwenye bia. Ni aina ya Fuggle, yametoka Uingereza. Risiti hiyo hapo," akasema mama.

"Mama, siku hizi hata bangi ina risiti," akajibu ofisa, na foleni nzima ikaangua kicheko.

Marehemu mumewe alikuwa akipika bia jikoni kwao kila mwezi, na hopsi hizo alizitia mwishoni, moto ukishazimwa, ili harufu isipotee. Ilikuwa harufu ya udongo na mbao, nayo iliganda kwenye mashati yake. Sasa mashati yananukia sabuni tu. Mjane huyu hanywi hata tone. Anachotaka ni jikoni kwake kunukie tena kana kwamba mume yumo.

Leo ni wiki ya tatu tangu ofisa aizuie pakiti, nayo imeachwa wazi dirishani pale posta, juani, na hopsi hazivumilii joto. Enyi wakuu wa forodha, ifungeni, iwekeni kwenye friji leo hii, kisha mrudishieni mwenyewe kabla hazijabaki majani matupu yasiyo na harufu.