Springi Fupi za Mama Mkwe

Mama mkwe wangu aliteleza kwenye mlango wa jiko lake, kwao Bwera, wakati wa mvua, akavunjika nyonga. Madaktari walimtia chuma, wakampa magongo mawili, wakasema kila wiki aende Kasese kufanyishwa mazoezi. Mke wangu ni muuguzi Fort Portal na zamu zake hazimwachi. Mimi nafanya kazi ya kupitisha mizigo ya watu forodhani Mpondwe, mpakani, na nina gari. Basi safari za Kasese zikawa zangu.

Tatizo lilikuwa gari lenyewe. Ni gari la Kijapani lililoinuka juu, nililolinunua likiwa limekwisha kutumika, na nililipenda kwa sababu ya shokapu zake, vile vyuma vinavyolizuia gari lisirusherushe. Zinaongozwa na umeme: zikikuta mashimo zinalegea, zikifika kwenye kona zinakaza, na karibu na usukani kuna kitufe cha kuchagua ulaini. Mgonjwa wa nyonga akishakaa ndani, hatatamani gari jingine. Kazi ilikuwa kuingia.

Siku ya kwanza alikigeuzia kiti mgongo, akajaribu kujipandisha kinyumenyume, akashindwa. Akajaribu tena. Mimi nilisimama pembeni. Kwa desturi ya kwao, mkwe mwanamume hamgusi mama mkwe, hata mkono hampi. Mimi ni mtoto wa kambi ya jeshi, baba yangu alitoka mbali, na sikulelewa katika desturi hiyo. Yeye ameishi nayo maisha yake yote.

"Mama, nikushike kidogo tu?"

"Hapana, mukwe. Heri nibaki hapa hapa."

Mwishowe wakaja majirani, wanawake wawili, wakamnyanyua kama gunia la kahawa. Njiani, kwenye kioo, nilimwona akijifuta macho kwa ncha ya kitenge.

Tulijaribu kuweka kigoda. Gongo likateleza juu yake, nusura aanguke tena, na tangu hapo hakutaka hata kukiona. Ndipo nikawaza: kama yeye hawezi kupanda, basi gari lishuke.

Mke wangu alipopata mapumziko alikuja, akachukua kamba, akapima kile kiti cha nyumbani ambacho mama yake hukikalia na kuinuka bila msaada. Kisha akapima kiti cha gari. Cha gari kilizidi kwa kama upana wa vidole vinne.

Fundi wangu ni Mkongo aliyetoka Butembo, ana gereji ndogo karibu na Mpondwe. Nilipomwambia nataka kulishusha gari, alicheka mpaka akaweka spana chini.

"Patron, unataka kuwa kijana tena, kama hao wanaoshusha magari kwa fahari?"

Nikamweleza habari ya mama mkwe. Kicheko kikaisha. Akasema mama yake mwenyewe yuko Beni, ng'ambo ya mpaka, na ni muda mrefu hajamwona. Kisha akaingia chini ya gari na tochi, akakaa huko kitambo.

Njia ya haraka ilikuwa kuzikata springi zilizomo. Kuna watu Kasese wangeikamilisha kazi hiyo kabla chai haijapoa. Fundi akakataa: springi iliyokatwa huweza kuchomoka mahali pake gari likiruka, na kabla ya hapo itakuwa "inapiga mutu mugongo." Njia ya pili ilikuwa seti kamili kutoka Kampala, shokapu ambazo urefu wake unarekebishwa kwa spana. Hiyo ndiyo niliyoitamani. Ingelishusha gari kiasi chochote ninachotaka. Lakini nilimpigia simu muuzaji, naye akanieleza kwamba shokapu zangu za umeme zingetolewa zote, taa ya onyo ingewaka daima, na gari lingekuwa gumu. "Wateja wetu wanapenda hivyo," alisema.

Nilimfikiria mama akipita kwenye matuta ya Muhokya, njia ya Kasese, na kile chuma ndani ya nyonga.

Ikabaki njia ya tatu: springi fupi zilizotengenezwa kwa ajili ya gari la aina hiyo, na shokapu za umeme zibaki palepale. Ubaya wake ni kwamba zinashusha vidole viwili tu. Nilisitasita siku kadhaa. Nikamuuliza mama mwenyewe, nimesimama nje ya mlango, yeye yuko ndani: gari liwe chini sana lakini gumu, au chini kidogo lakini laini?

Akasema, "Kupanda ni mara moja. Barabara ni ndefu. Weka laini."

Springi zilipofika, fundi alifanya kazi kutwa nzima. Tulipowasha gari, taa ya onyo ikawaka. Alikagua huku na huku, kisha akajipiga kwenye paji la uso: waya moja ya nyuma alikuwa hajairudisha. Akaichomeka, taa ikazimika.

Vidole viwili vilivyobaki tulivipata kwenye kiti. Fundi alitoa sponji, akapunguza ya chini, akashona upya. Siku ya safari mama alilizunguka gari taratibu kwa magongo yake.

"Imechuchumaa," akasema.

Akakigeuzia kiti mgongo, akarudi nyuma, akakaa. Kisha akainua mguu mmoja kwa mikono yake, na wa pili. Majirani walikuwa wamekuja kusaidia, wakapiga vigelegele. Mimi nilijifanya natazama tairi, maana machozi yalikuwa karibu.

Baada ya miezi kadhaa wale wa mazoezi Kasese wakamwambia aache gongo moja. Tukiwa njiani kurudi akaniomba tupitie Katwe, kwa dada yake anayechimba chumvi ziwani. Barabara ile si ya gari lililoshushwa. Mahali fulani tumbo la gari likakwama juu ya tuta la udongo.

"Mama, naomba ushuke, gari liwe jepesi."

Akashuka mwenyewe, akatangulia mbele na gongo lake, akanionyesha kwa mkono nipite wapi. Nilipovuka, akaingia tena.

Dada yake alitoka ziwani miguu yake ikiwa myeupe kwa chumvi, wakakumbatiana wakalia na kucheka kwa pamoja. Mimi nililala chini kukagua mikwaruzo. Niliposimama, mifuko ya chumvi ilikuwa tayari imepakiwa nyuma, na gari limeinama.

"Mama, hatutafika. Tuache nusu."

"Mukwe," akasema, akijifunga mkanda, "endesha polepole."

Hakuna mfuko hata mmoja ulioshushwa. Tulifika Bwera giza likiingia.