Kuonja Maji ya Sabuni

Kwao Kalengera, mke wangu alifundishwa na mama yake kutengeneza sabuni. Majivu ya migomba yalitiwa katika chungu chenye tundu, maji yakamiminwa juu, na yaliyodondoka chini yalionjwa kwa ncha ya ulimi. Yakiuma kidogo, yako tayari kuchanganywa na mafuta. Yasipouma, yanapitishwa tena kwenye majivu. Hapakuwa na kipimo kingine.

Uani kwetu hapa Goma hakuna migomba, ni mawe ya volkano tu. Sabuni ilipopanda bei, akina mama wa shirika letu la parokia walinunua soude sokoni, ile dawa kali ya sabuni ya dukani, vipande vyeupe, wakaviyeyusha ndani ya ndoo. Maji yalipata moto yenyewe. Wakamwita mke wangu, aliye mkubwa wao, aseme kama yamefikia.

"Mama, tunakungoja weye na ulimi wako," jirani akamtania.

"Ulimi huu hata muzee wangu anauogopa!" mke wangu akajibu, akininyooshea kidole.

Nami nilicheka pamoja nao. Akachota kwa kijiko, akapuliza, akaonja. Yakamchoma, na kwa mshtuko akameza.

Binti yetu, mwalimu wa kemia, alitukuta hospitalini akiwa bado na chaki vidoleni. Nilimuuliza kwa nini nyanya yake alionja maisha yake yote na akazeeka na koo zima.

"Papa, kuna kipimo cha pH, kinatoka sifuri mpaka kumi na nne. Maji safi yako kwenye saba. Yanayopita saba ni besi. Ya majivu labda yalifika kumi na moja. Ya ndoo ile yako karibu na kumi na nne."

"Hatua tatu tu?"

"Kila hatua ni mara kumi, Papa. Mara kumi, tena mara kumi, tena mara kumi." Akafuta macho. "Majivu ni besi dhaifu. Ndani ya maji yanaachia sehemu ndogo ya ukali wake. Soude ni besi kali, inaachia wote. Haibakizi kitu."

Koo lilipona kwa kovu, na kovu likabana njia. Daktari huipanua kwa kupitisha mpira mwembamba kooni, nayo hujifunga tena. Ametuambia itaendelea hivyo. Mke wangu anaishi kwa uji uliochujwa. Njaa hailalamikii. Alichonililia ni Ekaristi, ambayo hakuweza tena kuimeza.

Mimi ni katekista, nimeruhusiwa kuwapelekea wagonjwa Komunyo. Padri alinielekeza nimpe chembe ndogo katika kijiko cha maji. Kila mara mke wangu huangalia kwanza ndani ya kijiko, muda mrefu, nami humsubiri. Mara ya kwanza alikohoa, yote yakamwagika kwenye kitambaa cheupe. Ya pili vilevile.

Jumapili iliyopita alipokea chembe, akafunga midomo, akashika shingo yake. Jirani yule alikuwa amepiga magoti mlangoni, hakuthubutu kuingia. Nilimshukuru Mungu kwa pumzi ya mke wangu, maana hiyo bado tunayo. Kisha akaondoa mkono shingoni, akanionyesha kwa kidole: imeshuka.