Maji ya Kusuuzia Tarumbeta

Nianze kwa kusema wazi kwamba yule mwalimu wa muziki sikumpenda akiwa hai, na sina mpango wa kumpenda sasa eti kwa sababu marehemu hasemwi. Mimi namsema. Wapo watu Masasi mpaka leo ukimtaja wanapangusa macho, wanasema alituletea ustaarabu. Ustaarabu gani? Niulizeni mimi niliyeupuliza.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Maduka ya Masasi, ambayo kabla yake yalikuwa na viberiti na daftari tu, yakajaa sabuni za kunukia. Mitumba ikaja kwa marobota, wanunuzi wa korosho wakaja na mizani yao, na wafadhili nao wakaja. Mjini tulikuwa na bendi ya matarumbeta iliyopiga kwenye harusi na maandamano. Wafadhili wakaipa vayolini sita na ngoma mbili kubwa za shaba, na kuanzia siku hiyo mwalimu akatukataza kuiita bendi. Ni orkestra, akasema. Waliojua kuzipiga hizo vayolini walikuwa wawili, na mmoja wao alikuwa anadanganya.

Lakini mfadhili hakutoa vayolini hivi hivi. Alitaka orkestra iende kwa wananchi, ipige bure vijijini, iwafundishe watu, na ipigwe picha ikiwa inafundisha. Rahisi ghali, wanasema wahenga. Bure sijui wangeisemaje.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, nikikaa kwa mama mdogo pale Mkomaindo, na nilikuwa msichana pekee katika wapiga tarumbeta tisa. Nilijua kupiga. Sioni sababu ya kujishusha uzeeni. Mwalimu alijua kwamba najua, na hilo peke yake nampa: palipotokea nafasi moja ya kwenda Dar es Salaam kusoma muziki mwaka mzima, aliandika jina langu. Ilibaki sehemu ya chini ya fomu, pa mzazi. Binti ambaye hajaolewa haondoki hivi hivi kama mbuzi aliyekata kamba, na mzazi niliyebaki naye alikuwa mmoja, mama yangu, mjane, kijijini Newala, upande wa Mkunya, na mikorosho yake na mihogo yake.

Mama hakutaka. Aliambiwa na wenzake kwamba mwanamke akipuliza shaba mapafu yanapasuka na uzazi unafunga. Nikaenda nyumbani mara mbili kumbembeleza, mara zote mbili akanisikiliza huku anamenya mihogo, asiseme kitu. Mara ya tatu ndipo aliposema.

"Walete hapa," akaniambia. "Nikusikie kwa masikio yangu mwenyewe. Nikikusikia nitaweka dole."

Basi mimi ndiye niliyemwambia mwalimu kwamba tamasha linalofuata tukalipige kwetu. Akafurahi kweli, maana mfadhili alikuwa ameuliza kuhusu Newala.

Hapa inabidi nieleze kitu kwa asiyekujua kwetu. Newala iko juu na maji yako chini. Ndiyo habari yenyewe yote. Mashine ya kusukuma maji ilikuwa imekufa zamani, na ruksa ilikuwa imefika hata huko: wenye baiskeli walipandisha madumu wakayauza, na asiye na pesa alishuka bondeni kwa miguu yake. Kushuka si kazi. Kazi ni kupanda na ndoo kichwani, shingo imekaza, mchanga unateleza chini ya nyayo. Mama alitoka alfajiri akarudi jua limeshakuwa kali, na juu ya maji aliweka kitawi cha mkorosho ili yasirukeruke. Maji yaliyooshea mihogo yalioshea vyombo, na yaliyooshea vyombo aliunyweshea mpapai uliokuwa nyuma ya jiko. Nilipokuwa mdogo nilimrushia kaka yangu kopo moja la maji tukicheza, nikachapwa, na hakuna mtu pale uani aliyenionea huruma, hata bibi.

Mwalimu akamwandikia mwenyekiti wa kijiji barua. Aliomba kivuli, mabenchi ya shule, na maji ya kutosha. Akanipa niisome kwa sababu ndiko kwetu, akaniuliza kama iko sawa. Niliyaona hayo maneno, maji ya kutosha. Yeye alikuwa mtu wa Lukuledi, kijiji cha visima, ambako mtu huamka akanawa uso bila kufikiri. Ningemwambia kwamba huko tunakokwenda maji hayaombwi kwa neno hilo. Nikanyamaza, maana fomu yangu ilikuwa mfukoni mwake. Nikamwambia iko sawa.

Tulikwenda kwa lori, mwezi wa tisa, mabibo yameanza kuanguka na vumbi lake unalijua. Tulipofika juu tulikuwa wekundu mpaka kope, na tarumbeta zimeingia mchanga kwenye vibonyezo hata havishuki. Uwanja wa shule ulikuwa umejaa. Watu walivaa kama siku ya sikukuu. Na kando ya ukuta wa darasa, kwenye kivuli, yalipangwa maji. Mwenyekiti alikuwa ameagiza kila nyumba ndoo moja, ya wageni kunywa, kunawa na kupikiwa. Ndoo, madumu, mitungi, sufuria zenye vifuniko. Nyumba ya mama ilitakiwa kutoa ndoo moja kama wengine. Ya kwake niliijua mara moja, ya buluu, imezibwa kwa lami ubavuni, na kitawi juu. Pembeni yake palikuwa na ndoo ya pili, ya kuazima, nayo ina kitawi. Alishuka bondeni mara mbili, kwa sababu mtoto wake ni mmoja wa hao wageni.

Mwenyewe alikuwa amekaa mbele kabisa kwenye mkeka, kanga mpya, mikono mapajani. Nikaenda kupiga goti. "Shikamoo mama." Akaitikia marahaba akaitazama tarumbeta kuliko alivyonitazama mimi.

Mwalimu akasimama mbele ya wazee waliomzidi umri, wengine wa kumzaa, akawaambia hamjambo. Hamjambo! Na wale wazee wakaitikia hatujambo, kama darasa la kwanza. Kisha akamtafuta mwenye kamera, akamwonyesha mama yangu, apigwe picha ya karibu, kwa ajili ya zile nembo za usoni walizochanjwa wanawake wa rika lake. Mama akageuza uso upande.

Halafu akatangaza somo. Alisema kabla ya kuonja muziki lazima wananchi waone nidhamu ya mwanamuziki, na nidhamu ya kwanza ni usafi wa chombo. Akatupanga tisa kwa mstari mbele ya watu. Akaamuru ndoo ziletwe, moja kwa kila mmoja. Niliposikia hivyo nikawaza, hapana, hawezi. Aliweza. Wa kwanza akachota kopo, akamimina kwenye mdomo mpana wa tarumbeta, akaitikisa, akaigeuza, maji yakatoka mekundu yakaingia mchangani. Akachota tena.

Watoto ndio walioanza kusogea, mmoja akachuchumaa akaweka kiganja pale maji yanapotoka, mama yake akamvuta. Mwenyekiti akamfuata mwalimu akamnong'oneza kitu. Mwalimu akacheka, akamjibu kwa sauti ya kila mtu kusikia, kwamba kijiji kisiwe na choyo, maji ni zawadi ya Mungu na muziki pia. Ala! Mungu huyo mbona hakuwapandishia watu ndoo? Lakini hilo nimelipata baadaye, nikiwa peke yangu, kama yanavyopatikana majibu yote mazuri.

Zamu ikaja kwangu, na ndoo waliyonikokotea mbele ya miguu ilikuwa ya buluu.

Nimekwisha kumlaumu mwalimu, na nitaendelea kumlaumu. Lakini mkono ulikuwa wangu. Ningeweza kusema tarumbeta yangu ni safi. Ningeweza hata kujifanya naumwa. Nilitazama mbele yangu nikamwona mama, nikatazama pembeni nikamwona mwalimu, na nikaiona fomu. Nikakitoa kitawi, nikakiweka chini mchangani. Nikachota. Nikamimina. Nikatikisa, nikageuza, maji ya mama yangu yakamwagika pale. Mwalimu akasema mpaka yatoke meupe. Nikachota mara ya pili, nikachota mara ya tatu. Mwenye kamera akaniambia nicheke kidogo, na mimi, shetani anione, nikacheka.

Mama akasimama. Aliukunja mkeka wake taratibu, akauweka kwapani, akaja mpaka pale niliposimama. Hakunitazama. Akainama akaokota kitawi, akakipangusa mchanga kwa kanga ile mpya, akakirudisha juu ya maji yaliyobaki, nusu ndoo hivi. Akajitwisha. Akaondoka katikati ya watu, wakampisha. Mwalimu akasema huyo mama amechoka na muziki kabla haujaanza.

Kisha tukapiga. Na hili ndilo linaloniudhi kuliko yote: nilipiga vizuri. Kipande changu cha peke yangu kilitoka safi kuliko nilivyowahi kukipiga, tarumbeta nyepesi, vibonyezo vinashuka vyenyewe, maana ilikuwa imesuuzwa. Watu wakapiga makofi ya adabu. Ndoo tupu zilikuwa pale ukutani, na wanawake walikuwa wanazitazama kuliko walivyotutazama sisi.

Jioni ile ile, kabla lori halijaondoka, nilikwenda nyumbani. Mama alikuwa anamenya mihogo. Nilijiandaa kwa matusi, nilijiandaa hata kupigwa, na angenipiga ningemshukuru. Akaniambia nilete karatasi.

"Lakini mama, hujanisikia," nikamwambia. "Ulisema unataka kunisikia kwanza."

"Nilitaka kukusikia," akasema. "Nimekuona. Lete karatasi."

Nikaifuata fomu kwa mwalimu, tukaenda kwa mwenyekiti kwa ajili ya wino. Akalikandamiza dole gumba kwenye kile kitambaa cha wino, akalikandamiza kwenye fomu, akalipangusa kwenye ukuta wa udongo. Hakulinawa. Mama mdogo alipokwenda kumsalimia wiki ya pili aliniletea habari kwamba dole bado ni la zambarau.

Basi nikaenda zangu Dar es Salaam. Nikasoma nukta na mistari, nikafaulu. Niliporudi, orkestra ilikuwa imekufa. Wafadhili walihamia kwenye mambo mengine, vayolini zikaliwa na mchwa kwenye stoo, na mwalimu alikuwa mnunuzi wa korosho, anazunguka na mizani akiwaambia wale wale wazee hamjambo. Kitu pekee kilichobaki ni kalenda ambayo wafadhili walituletea, imetundikwa ukutani kwa mama mdogo hata mwaka wake ulipopita. Mwezi wa tisa ni mimi, nacheka, maji yanatoka kwenye tarumbeta. Ukitazama vizuri ukingoni unaona kanga mpya na mkono mmoja. Nimeichana mwenyewe, msinitafutie.

Nikapanda kwenda kwa mama. Alinipokea vizuri, asije mtu akadhani alininunia. Aliniulizia afya, akanichinjia kuku, akanitandikia kitanda chake yeye akalala chini. Asubuhi nikakuta bafuni, ndani ya ua wa nyasi, ndoo ya buluu imejaa mpaka juu. Nikaoga, nikasema ahsante. Asubuhi ya pili vilevile.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kila mtoto kwetu anaujua msemo huo, na siku ya tatu niliamka nikiwa nimejifunga kanga kiunoni, nikauliza jembe liko wapi. Akasema pumzika. Nikaomba ndoo nishuke bondeni. Akasema watoto wa jirani wameshashuka. Nilikaa wiki tatu nzima. Jembe sikupewa, mwiko sikupewa, nikishika ufagio unachukuliwa mkononi mwangu kwa upole. Jirani akipita akauliza nani huyo, mama alisema ni mgeni wangu kutoka mjini. Nilimchukia. Niliona ni roho mbaya, nilitaka anitukane yaishe. Hakunitukana.

Siku ya mwisho kabla ya kuondoka niliamka mapema kuliko wote, au nilidhani hivyo. Nikachukua ndoo ya kuazima kwa jirani, nikaiweka kichwani, nikateremka. Nilikuwa sijafika hata nusu ya mteremko nilipomwona anapanda, peke yake, ndoo ya buluu kichwani, shingo imekaza, miguu inautafuta mchanga. Hapakuwa na mtoto wa jirani yeyote. Nikanyoosha mikono nimtue. Akasogea pembeni ya njia akanipita, pumzi juu juu, bila kugusa ndoo wala kunigusa mimi.

"Rudi, mwanangu," akasema akiwa ameshanipa mgongo. "Maji yako ya kuoga ndiyo haya."