Mama, Lete Funguo

Nina bunduki. Nalisema mapema ili anayetaka kufunga kitabu akifunge sasa hivi, asije akanilaumu mbele ya safari. Ni bunduki ya marisau, mitutu miwili, nimeinunua dukani mchana kweupe, kwa cheti cha polisi chenye picha yangu nimenuna. Sikuiokota wala sikuuziwa uchochoroni. Iko nyumbani kwangu hapa Harrow, London, ndani ya kabati la chuma lililopigwa boliti ukutani.

Watu wetu hawataki kusikia. Jumapili moja mzee mwenzangu alinikamata mlangoni mwa kanisa, mkono wangu kaushika haachii.

"Mzee, tumesikia. Vita gani unajiandalia? Jirani kakuibia kuku?"

Wakacheka wote, na mchungaji pia. Nikamwambia, "Wewe umekaa nchi hii miaka ishirini na tano, na hujui wenyeji wanafanya nini siku ya Jumamosi. Endelea kuangalia televisheni."

Nilikuwa nimemwomba huyo huyo aniwekee sahihi ya udhamini kwenye fomu. Sheria ya hapa inataka mtu anayekufahamu aseme kwamba u mzima wa akili na tabia. Ananifahamu tangu tukiishi watu sita chumba kimoja kule Hounslow, tukifagia uwanja wa ndege. Akakataa. Alisema mtu mweusi akiweka jina lake karibu na neno bunduki, jina halitoki tena. Aliyeniwekea sahihi ni Mzungu, mkulima, mteja wangu. Hilo lilinichoma na linanichoma mpaka leo.

Mimi nimesoma mpaka darasa la nne. Kampuni ya usafi niliyonayo nimeijenga kwa ufagio, na wenye digrii wananiita bosi. Mkulima huyu tunamsafishia ofisi na maghala yake, nje kidogo ya London. Njiwa wa porini wanamlia mbegu, wanashuka mia kwa mara moja, na kazi ya kuwapunguza hufanywa kwa bunduki. Siku moja alinisimamisha pembeni yake, akanipa yake, akasema jaribu. Nikajaribu. Njiwa akaanguka.

Hakujua alichonipa. Nilipokuwa na miaka ishirini, kaskazini mwa Tanzania, nilifanya kazi ya kuwabebea bunduki wageni waliokuja kuwinda. Miaka mitatu. Nilizisafisha, nikazipaka mafuta, mvua ikinyesha nikazikumbatia kama mtoto mchanga nilowe mimi zisilowe zenyewe. Sikupiga hata mara moja. Siku niliyouliza kama naweza kujaribu, yule mgeni alicheka mpaka kahawa ikamwagika. Basi nilipotoka shambani kwa mkulima nilijiambia, nitakuwa na yangu, kwa jina langu, kwa sheria, na hakuna atakayecheka.

Fomu niliijaza mwenyewe kwa kamusi, majuma mawili. Binti yangu, aliyezaliwa hapa, Kiswahili anakisikia lakini anajibu Kiingereza, alitaka kunijazia. Nikakataa. Daktari akaandikiwa barua, akaulizwa kama nimewahi kuwa na wazimu au huzuni ya kupita kiasi. Ofisa akaja nyumbani, akalisukuma kabati kwa bega, akaridhika. Akauliza, "Funguo atashika nani?" Nikasema, "Mimi tu." Na siku ile ilikuwa kweli.

Kweli hiyo ilidumu majuma matatu.

Sasa nieleze jambo ambalo ofisa hawezi kulijua. Kwetu mwanamume hashiki funguo za nyumba. Mama yangu alikuwa na ufunguo wa ghala, na baba yangu, mtu wa kuogopwa kijiji kizima, alikuwa anasimama nje ya mlango anakohoa kabla ya kuomba debe la mahindi. Hakuona aibu. Mwenye funguo ndiye mwenye nyumba. Mke wangu nimekaa naye miaka thelathini na minane, na kabla ya kabati hili sikuwahi kushika ufunguo wowote zaidi ya wa gari. Ana fungu lake zito, analifunga kiunoni akiwa ndani, na ukimsikia anashuka ngazi unajua ni yeye.

Siku moja aliukuta ufunguo wa kabati kwenye suruali yangu. "Unauweka kwenye suruali, na suruali nafua mimi," akasema. "Siku moja utazama na maji machafu." Akautia kwenye fungu lake. Kusema ukweli, nilipumua.

Halafu akalifungua kabati akalitazama. "Chuma chote hiki, boliti zote hizi, kwa kijiti kimoja?" Baada ya hapo vitu vikaanza kuingia. Pasipoti zetu. Hati ya kiwanja chetu cha nyumbani. Hereni za dhahabu alizoachiwa na mama yake. Vitenge vipya ambavyo hataki binti avione. Bunduki yangu ikawa imesimama kwenye kona kama mgeni asiyepewa kiti.

Miaka mitano ikapita hivyo, na cheti kikafika wakati wa kuhuishwa. Akaja ofisa mwingine, mwanamke, umri wa binti yangu, mpole, viatu amevivua mlangoni bila kuambiwa. Nikampenda hapo hapo. Tukapanda juu. Akasema anataka kulinganisha namba ya bunduki na ile iliyo kwenye cheti.

Nikaita kwa sauti, "Mama, lete funguo!"

Hayo maneno matatu nimeyarudia kichwani mara nyingi kuliko Baba Yetu.

Mke wangu akapanda ngazi, fungu linalia. Hakutazama hata ufunguo upi. Vidole vyake vikauchagua, vikauingiza, mlango ukafunguka, na bahasha ya hati ya kiwanja ikadondoka miguuni kwa ofisa. Akaiokota kwa adabu. Akavitazama vitenge. Akaitazama bunduki pale kwenye kona. Kisha akamgeukia mke wangu.

"Mama, huwa unalifungua kabati hili?"

"Kila siku," akasema mke wangu kwa Kiingereza chake kilichonyooka, kidevu juu.

"Kila siku?"

"Nyumba ni yangu."

Ofisa akaifunga kalamu yake. Kuanzia hapo alizungumza na mimi tu. Akasema sheria haimruhusu mtu asiye na cheti kuifikia bunduki yangu, awe mke, awe mtoto, awe nani. Hata kuweza kuufikia ufunguo wake ni kosa, na kosa ni langu.

Nikapanda moto. "Unamwita mke wangu mwizi ndani ya nyumba yake?"

"Hapana bwana. Namwita mtu asiye na cheti."

"Miaka thelathini na minane!"

"Naamini," akasema. "Lakini bunduki ikiumiza mtu nyumbani, mara nyingi aliyeichukua ni mtu wa nyumbani. Hatuwezi kuweka sheria moja kwa wake wazuri na nyingine kwa wengine."

Hasira ikanishika kabisa, kwa sababu alikuwa amesema kweli.

Akanipa karatasi ya kukubali kwamba anaichukua bunduki mpaka wakubwa wake waamue. Nikatia sahihi. Mke wangu akatoa vitu vyake kimoja kimoja, akavibeba kifuani, akaenda chumbani, akafunga mlango. Ofisa akashuka na bunduki yangu ndani ya mfuko mrefu. Jirani alikuwa anamwagilia maua. Aliacha bomba likimwaga maji njiani akitazama.

Jioni tukagombana.

"Ungesema huna ufunguo!" nikamwambia.

"Nidanganye polisi? Mimi?"

"Ungenyamaza basi!"

"Ulisema mama lete funguo. Nikaleta. Ungetaka nilete nini, ugali?"

Barua ikaja baada ya majuma kadhaa. Walikuwa wanafikiria kuninyang'anya cheti moja kwa moja, na nilipewa nafasi ya kujieleza kwa maandishi. Nilielewa vizuri maana yake. Ukishanyang'anywa, kila fomu ya baadaye itakuuliza kama umewahi kunyang'anywa, na utajibu ndiyo mpaka ufe. Mzee wa kanisani angefurahi. Na shambani ningerudi kule kule nilikoanza, kumshikia mwenzangu bunduki yake.

Binti akaniandikia barua nzuri. Kurasa mbili. Ndani yake nilikuwa najuta, naomba radhi, sikuelewa kwa sababu ya tofauti za utamaduni. Akanisomea, nikamwambia acha.

"Baba, hivi ndivyo wanavyotaka," akasema kwa Kiingereza.

"Umeandika sikuelewa. Nilielewa. Ofisa wa kwanza aliniuliza, nikajibu, nikaenda nikafanya vingine. Huo si utamaduni. Ni uongo wangu."

"Ukiandika hivyo watakunyima."

"Basi wataninyima mimi, hawatamnyima huyo mshamba uliyemwandika hapo."

Alikasirika akaondoka na gari langu.

Nikakaa mezani na kamusi. Nilipata mistari saba, na nilitoka jasho. Niliandika kwamba ufunguo nilimwachia mke wangu kwa sababu kwetu mke ndiye mwenye funguo. Kwamba nilikuwa nimeahidi kushika mwenyewe na ahadi niliivunja. Kwamba mke wangu hakujua kama ni kosa kwa sababu sikumwambia, na sikumwambia kwa sababu nilijua atasema nini. Kwamba vitu vyake vimetoka. Kwamba nimefunga ukutani kisanduku cha namba, ufunguo wa kabati umo ndani, na namba hiyo hakuna aliye nayo ila mimi. Nikasema wakitaka kuninyima waninyime, lakini wasiandike popote kwamba alifanya kosa.

Wakakubali kunirudishia bunduki. Kulikuwa na onyo kali, la maandishi, linalobaki kwenye faili, na sharti kwamba watakuja bila taarifa. Nilipomwambia mke wangu, alisema "Hongera" kama anavyomwambia mtu aliyenunua gari bovu.

Kabla ya kwenda kuichukua nilimweleza kuhusu namba. Kwamba sitaweza kumwambia. Kwamba hata nikiumwa, hata nikilazwa, sitamwambia. Alikuwa anachambua maharage. Hakuinua kichwa.

"Namba za simu yako ninazo," akasema. "Za benki ninazo. Za hospitali ninazo. Hii ndiyo hunipi."

"Sheria."

"Sikia, baba. Sheria yao ina haki, nimeielewa hata kabla yako. Lakini usinitazame usoni ukasema sheria kana kwamba umelazimishwa. Hakuna aliyekulazimisha kununua."



Jumamosi iliyofuata nilikuwa na miadi shambani, saa mbili asubuhi. Nikavaa, nikapanda juu. Kisanduku kipo kwenye ukuta wa chumba chetu, hakuna mahali pengine palipobaki ambapo boliti zinashika. Mke wangu alikuwa kitandani anasoma Biblia yake. Nikasimama mbele ya kisanduku, kidole kimenyooka, nikakwama. Naye akanitazama, akafunga kitabu, akavaa koti lake juu ya nguo ya kulalia. Fungu lake la funguo akaliacha mezani. Nikamsikia anashuka ngazi, na kwa mara ya kwanza katika nyumba hii sikusikia mlio.

Nilipochungulia dirishani alikuwa amesimama bustanini, kwenye baridi, nyumba ameipa mgongo, mikono ameikunja. Jirani alikuwa anamsalimia juu ya ua, naye anajibu kana kwamba ametoka kutazama mboga.

Nikabonyeza namba. Nikakosea. Nikabonyeza tena, nikatoa ufunguo, nikafungua kabati, nikarudi chumbani na bunduki.

"Umemaliza?" akapaza sauti bila kugeuka, kwa Kiswahili, mtaa mzima usikie. "Mwizi wako anaweza kurudi ndani?"

Nilikuwa nimeishika bunduki yangu mkononi, safi, halali, namba yake inalingana na cheti. Nikafungua dirisha.

"Rudi ndani," nikamwambia. "Baridi."

"Uko tayari au huko tayari?"

"Niko tayari."

Akaingia. Nikashuka, tukapishana kwenye ngazi, mimi na mfuko wangu, yeye na mikono mitupu, na hakuna aliyempisha mwenzake.