Mlango wa Mama Mkwe

Mimi hakuna kitu duniani kinachoweza kunishangaza. Niliacha shule darasa la nne, nikabeba mbao za watu mpaka bega likaota sugu, nikanunua msumeno wa kwanza, nikanunua wa pili, na leo nina yadi yangu ya mbao Njombe mjini, na anayenipigia hesabu ana digrii. Nimeona paini ikiangukia upande ambao hakuna aliyeikatia. Nimeona mvua ya mawe ikipiga mashamba ya chai mpaka vilima vikawa vyeupe kama shuka za hospitali. Kwa hiyo nikikusimulia habari za gari, usidhani ni habari za mtu aliyeshangaa gari.

Gari langu la kwanza la maana lilikuwa jekundu, la chini, milango miwili tu. Mafundi waliliita kupe, maana ndiyo aina yake huko lilikotoka. Mke wangu alilipenda sana jina hilo.

"Kupe kweli," alikuwa akisema kila nikitoka kituo cha mafuta. "Kazi yake kunyonya."

Nilimwacha aseme. Asubuhi pale kwetu mtaa wa Ramadhani, ukungu ukiwa umelala barabarani kama ng'ombe asiyetaka kuamshwa, nilikuwa naliwasha na kulisikiliza tu likiunguruma. Majirani walifungua madirisha. Nikitoka, ule ukungu ulipasuka katikati na kunifungia nyuma, na kwa dakika chache hapakuwa na Njombe wala yadi wala deni la mtu yeyote. Palikuwa na mimi na mwendo.

Nina sababu ya kupenda mwendo. Siku nilipokwenda Kitandililo kuposa, nilitembea kwa miguu kutoka kambi ya wapasua mbao, kwa sababu nauli nilikuwa nimeiweka ndani ya barua ya posa. Viatu nilivibeba mkononi visichakae. Nilifika jua limeshageuka, wazee walionisubiri wameshachoka na wengine wameondoka. Nikiwa nimesimama nje ya ukuta, nikamsikia mama wa binti akimwambia shangazi, "Anayekuja polepole hivi, atafika lini?"

Binti nilipewa. Ila neno lile liliniingia kama kibanzi cha mbao, kile ambacho nyama inakifunika na bado unakisikia ukishika kitu.

Sasa uelewe desturi ya ukweni kwangu. Kwao, mama mkwe na mume wa binti yake hawakai bega kwa bega, na maneno yao hupita kwa binti. Si uadui, ni heshima. Nasema naye kwa mbali salamu ya kwetu, yeye anaitikia akitazama mahindi, basi. Inakuwa hivyo mpaka siku atakapoamua mwenyewe kufungua mdomo akusemeshe moja kwa moja, na siku hiyo mkwe unatoa kitu cha kumpasha joto. Wengine husubiri mwaka. Mimi nilikuwa nimesubiri mpaka mtoto wangu wa kwanza ameoa.

Kwa hiyo kwenye kupe langu mama mkwe alikuwa hana mahali. Kiti cha mbele, bega kwa bega na mimi, haiwezekani. Cha nyuma, inabidi ulaze cha mbele, uiname, uingie kichwa kwanza, na kilichobaki nje kinatazamana na mkwe wako. Mke wangu alijaribu mara moja, baada ya ibada ya mazishi. Alikilaza kiti, akamshika mama yake mkono. Mama mkwe akalitazama lile tundu.

"Mwambie mumeo mimi si gunia la viazi," akasema, akaenda zake kupanda basi.

Mwaka huu macho yake yakaanza kufunga. Kila Alhamisi alitakiwa kliniki ya macho Njombe, na kila Alhamisi alisimama kituoni Makambako, na upepo wa Makambako mnaujua, hauna adabu kwa mzee. Nilitaka kumtafutia gari la kukodi. Akakataa, akasema hawezi kupanda gari la mtu baki wakati mkwe wake ana gari. Na la mkwe wake hawezi kulipanda.

"Mama akipofuka," mke wangu aliniambia jioni moja, hata hakunitazama, alikuwa anachambua maharage, "atakuwa hajawahi kuona njia akiwa ndani ya gari lako. Hata siku moja. Wewe endelea na mbio zako."

Sikulala vizuri wiki ile.

Marafiki walinishauri gari refu, lile la wakubwa, linalopanda tuta kama ng'ombe mwenye mimba. Sikutaka. Nilitaka fupi, jepesi, lenye hasira ndani ya tumbo, lakini lenye mlango wa mama. Nikampigia simu dalali wa Makambako, mtu wa makamo kama mimi, mwenye maneno kuliko magari.

"Bosi, hilo unalolitaka linaitwa hachibaki."

"Hakibaki nini?"

"Hachibaki, bosi. Gari fupi, halina mkia. Buti na viti ni chumba kimoja."

"Mimi nataka kinachobaki, ndugu yangu. Vya kuisha ninavyo vingi."

Akacheka mpaka akakohoa. "Ninalo moja jeupe, lina tabo ya kuipa injini nguvu, gia za mkono. Ukilikanyaga, shingo inabaki Makambako, wewe uko Njombe."

"Milango?"

"Mitatu."

Mitatu. Nikafumba macho nikaiona: mmoja wangu, mmoja wa mke wangu, mmoja wa mama mkwe. Hesabu ya darasa la nne haijawahi kuniangusha. Nikamwona mama amekaa nyuma, kichwa juu, kilemba chake kikigusa dari, na mashamba ya chai yakimpita dirishani taratibu kama watu wanaokwenda kumsalimia askofu. Nikamwambia mke wangu, "Nenda kwenu. Mwambie mama Alhamisi asiende kituoni. Mlango wake upo."

Alhamisi asubuhi nikaingia yadi ya dalali na kupe langu. Jeupe lilikuwa limesimama mbele, limeoshwa, linang'aa kama sinia la harusi. Moyo wangu ukaenda mbio kabla yake. Nikalizunguka kushoto, mlango mmoja. Nikalizunguka kulia, mlango mmoja. Nikalizunguka tena.

"Bosi, unatafuta nini?"

"Wa tatu."

Dalali akaenda nyuma, akabonyeza, akakiinua kioo chote juu. "Si huu hapa! Magunia mawili ya viazi yanalala humu bila kugusana."

Sikushangaa. Nilisimama tu, upepo ukinijaza koti, na mbali treni ikapiga honi kama inayomcheka mtu. Simu ikatetemeka mfukoni. Mke wangu ameandika: *Mama ameshavaa. Amekaa nje na mkoba wake.*

"Kule kwenye magari," dalali akasema polepole, ameanza kuelewa, "mlango wa nyuma nao unahesabiwa."

"Najua," nikasema.

"Najua unajua, bosi."

Kwenye kona ya yadi, nyuma ya lori bovu, palikuwa na la kijivu, rangi ya moshi wa asubuhi. Nilikuwa nimelipita bila kulipa hata salamu. Milango minne ya watu, na wa tano wa viazi.

"Hilo na jeupe mama yao mmoja," dalali akasema. "Injini ileile, tabo ileile. Vijana hawalitaki. Wanasema lina sura ya mchungaji."

Watu wanadhani gari la mbio linachaguliwa kwa macho. Mimi nachagua kama ninavyochagua gogo. Kwanza niliweka kiganja kwenye boneti: baridi, kwa hiyo halikuwashwa kabla sijafika ili kunificha kikohozi chake. Halafu nikaligonga bodi kwa kifundo cha kidole, upande hadi upande. Gogo zima linakujibu, lililooza ndani linameza sauti. Jeupe, na kung'aa kwake kote, lilimeza sauti ubavu mzima wa kushoto, puti tupu ya kuzibia mabonde, liliwahi kulala mtaroni na mwenyewe hasemi. La kijivu lilijibu kila mahali isipokuwa kona moja ya bampa. Nikachomoa kijiti cha oili, nikanusa. Halikunuka kuungua. Nikaliwasha, nikatazama moshi mpaka nikachoka kuusubiri.

Tukatoka nalo barabara ya Njombe, dalali pembeni yangu. Nikakanyaga. Kwanza kimya, kama mwimbaji wa kwaya anavyovuta pumzi, halafu filimbi nyembamba chini ya boneti, halafu barabara ikaanza kuja yenyewe, inajikunja na kuingia chini yetu kama kitambaa kinachovutwa mezani.

"Bosi," dalali alisema, ameshika mlango kwa mikono miwili, "mimi nina familia!"

Nilikuwa nacheka peke yangu. Sura ya mchungaji, na ndani nyuki.

Tukabishana bei kiume. Kupe langu likahesabiwa milioni tisa, nikaongeza milioni tano na laki sita juu, tukaandikishana. Nilipotoka nililitazama kupe kwenye kioo, jekundu, dogo, linazidi kuwa dogo, kama kaa la moto mtu analolibeba kwenda kuwashia jiko la jirani. Halafu nikakata kona na kioo kikabaki na vumbi.

Kitandililo, mama mkwe alikuwa kwenye benchi nje ya nyumba, amevaa kitenge cha kanisani, mkoba magotini. Nikashuka, nikavua kofia, nikasimama mbali.

"Kamwene," nikasema.

"Kamwene," akajibu, akitazama mahindi, ingawa sidhani kama aliyaona mahindi.

Mke wangu akataka kumshika mkono. Akakataa. Akalijia gari mwenyewe, akaweka kiganja kwenye taa, akakipitisha pembeni, polepole, kama mtu anayempapasa ng'ombe aliyenunuliwa. Akagusa kitasa cha mbele. Akakiacha. Kiganja kikaendelea, kikagusa kitasa cha pili, kikasimama pale. Nilihesabu moyoni sijui mpaka ngapi. Akafungua. Akaingia kama mtu, kichwa juu, akakaa nyuma ya binti yake, mshazari na mimi, akafunga mlango kwa mkono wake. Mlango ule ulitoa sauti nzuri, kama kitabu cha nyimbo kinapofungwa.

Tukaondoka.

"Muulize mumeo," akasema njiani, "tumefika kwenye paini?"

"Mama anauliza tumefika kwenye paini."

"Mwambie mama bado. Mahindi."

"Bado, mama. Mahindi."

Maneno yalikuwa yanakwenda posta na kurudi, na sisi tungeweza kushikana mikono. Ningeweza kuruka na gari lile. Sikuruka. Lori la mbao lilitupita, la mtu ninayemzidi kwa kila kitu, likapiga na honi, nikaliacha liende. Nilikuwa naendesha hasira yote ile ya injini kwa ncha ya kidole cha mguu.

Tulipoanza kupanda kuelekea Njombe, ukungu ukatupokea. Mke wangu alikuwa ameamka mapema kumwogesha mama yake, akasinzia, kichwa kwenye kioo. Posta ikafungwa. Nyuma kimya, mbele kweupe. Na ndani ya weupe ule, nakwambia nilichokiona, pembeni ya barabara alikuwa anatembea kijana mmoja mwembamba, viatu mkononi, barua kwenye mfuko wa shati. Hakuwa na haraka, au alikuwa nayo na miguu haikuweza. Nilimpita. Nikamwona tena mbele. Nikampita tena. Mji ulipoanza, nyumba zikija moja moja kutoka kwenye ukungu, bado nilikuwa namtazama yeye, nataka kumwona uso.

"Baba, simama. Umeshafika."

Nilidhani ni ndotoni. Sauti ilikuwa nzito kuliko ninavyoijua ikipita kwa watu. Nikakanyaga breki, nikatazama kioo. Mama mkwe alikuwa amekaa wima, macho yamefumbwa.

"Matuta mawili, halafu kona," akasema. "Geti umelipita. Mimi nayajua kwa kiuno."

Kweli, geti la kliniki lilikuwa nyuma yetu.

Mke wangu akashtuka. "Nani ameongea?"

Akageuka nyuma.

"Mama! Umemsemesha?"

"Mwambie," mama mkwe akasema, amerudi kwenye njia yake ya kawaida, lakini mdomo unamcheza, "angetupeleka Songea."

Mke wangu akapiga makofi, akanigeukia. "Haya, tajiri! Mdomo umefunguka. Toa!"

Walipokuwa ndani kwa daktari nilikwenda sokoni. Nikachagua blanketi zito, jekundu, nene. Muuzaji akasema elfu arobaini na tano. Mimi, ambaye sijawahi kulipa bei ya kwanza ya kitu chochote tangu nizaliwe, nikatoa arobaini na tano, nikasahau hata mfuko wa kubebea, nikarudi nimelikumbatia katikati ya watu wote.

Nikalitandika kiti cha nyuma, upande wa kushoto, nyuma ya binti yake. Liko hapo mpaka leo, na hakuna anayekaa hapo Jumatatu wala Jumapili.

Watu wa yadi wananiuliza gari lile la mchungaji lilinigharimu ngapi. Nawaambia yote kwa pamoja, na blanketi ndani: shilingi milioni kumi na nne, laki sita na elfu arobaini na tano.