Kipusa na Kofia ya Bwana Mifugo

Atakayebisha habari hii akamuulize ng'ombe mwenyewe.

Mwaka ule, katikati ya miaka ya hamsini, vuli ilipita juu ya Mangapwani bila ya kudondosha hata tone. Majani yaliungua mpaka mizizini. Konokono wakawa wanaazimana mate, na jogoo akiwika hutoka vumbi mdomoni.

Bi Mwanakheir, mjane mwenye ulimi wa pilipili mbuzi na roho ya halua, alikuwa na ng'ombe mmoja tu, Kipusa, mwenye mimba ya miezi minane. Maziwa ya Kipusa ndiyo yaliyomlisha tangu afiwe na mumewe. Sasa mbavu za ng'ombe zilihesabika kutoka barabarani. Kila asubuhi Bi Mwanakheir alimkatia vipande vya mgomba na kumbembeleza, "Vumilia mwanangu, usinitupie ndama."

Sheha akapita na habari: serikali itawapa mashudu ya nazi, yale makapi yanayobaki baada ya kukamua mafuta, watu ambao ng'ombe wao wamekosa malisho. Jumatano bwana mifugo atatoka mjini kuja kuwatazama, nyumba kwa nyumba.

Katika maneno yote hayo, Bi Mwanakheir alisikia moja: mgeni anakuja.

Jumatano, jua halijachomoza, alimkosha Kipusa, akampaka mafuta mpaka akang'aa, akamtia hina kwatoni, akamfukiza udi. Mwisho akamfunga kanga mbili za Idi mgongoni, mbavu zote zikapotea.

Jirani yake Kazija akachungulia uani. "Shoga, unamuoza leo?"

"Namstiri. Mgeni wa watu nimtolee mifupa?"

"Wangu nimemwacha vile vile, na vumbi lake."

"Wewe hata mawifi zako huwapokea hivyo."

Bwana mifugo, kijana mpole aitwaye Abdulla, alifika na daftari kwapani na kofia pana ya ukindu kichwani.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, baba. Karibu kitako."

Akatandikiwa mkeka barazani, akapewa dafu. Akavua kofia, akaiweka gotini, akamtazama Kipusa aliyefungwa karibu na nguzo. Akanusa udi. Akatazama tena.

"Bi Mwanakheir, huyu ana njaa?"

"Anayo, baba. Ila ana adabu."

"Mashudu ni ya ng'ombe waliodhoofu. Huyu wako kanishinda hata mimi." Akafunga daftari.

Moyo wa Bi Mwanakheir ukashuka mpaka kwenye kandambili. Alimwona yule ndama akimponyoka hivi hivi, kwa sababu ya hina na mafuta. Mkono wake ukaenda kwenye fundo la kanga, ukarudi. Kumvua mwari mbele ya mwanamme? Ukaenda tena.

Kipusa hakumngoja. Alinyoosha shingo, akaitwaa kofia gotini mwa Abdulla, akaitafuna kwa utulivu kama mtu anayekula mkate wa ufuta. Ilipokwisha akaushika mkeka, akauvuta na bwana mifugo yu juu yake. Abdulla akateleza barazani na dafu lake mkononi. Kwa kule kuvuta, fundo likafunguka, kanga zikaanguka, na mbavu zote zikajitokeza kama ngazi ya kupandia minazi.

"Samehe, baba," alisema Bi Mwanakheir. "Adabu imemwishia."

Abdulla alicheka mpaka maji ya dafu yakamtokea puani. Akafungua daftari palepale. "Magunia matatu. Na kofia yangu je?"

"Hiyo iandikie serikali. Imefia kazini."

Ndama alizaliwa masika yalipoanza, jike, mnene, na duara jeupe utosini, pamoja na ukingo wake kama wa kofia. Akaitwa Kofia. Bi Mwanakheir aliapa kwamba maziwa ya wiki ya kwanza yalinukia ukindu, na Kazija, aliyeyanywa bure, hakubisha.

Abdulla alikuja kumtazama ndama amevaa kofia mpya. Tangu njia panda alikuwa ameishikilia kwa mikono miwili.