Spika za Baba na Ukuta wa Mama Zuhura

Makapi ya mkonge yana harufu ya uchachu, kama uji uliosahauliwa sufuriani kwa siku mbili, na kwangu mimi hiyo ndiyo harufu ya baba yangu. Alirudi nayo kutoka kiwandani kwenye suruali, kwenye nywele, hata kwenye kikapu chake cha chakula, na sabuni ya mche haikuiweza. Mpaka leo basi likipita Mazinde dirisha likiwa wazi, harufu ile ikaingia, nageuza shingo kumtafuta. Tumemzika mwaka huu. Mimi shule yangu iliishia darasa la saba, sijui kupamba maneno, lakini kuna kiangazi kimoja cha utoto wangu ambacho nimekuwa nikikikumbuka tangu siku ya mazishi. Ni kile ambacho nyumba nzima, pamoja na jirani, tulihangaika kumtafutia baba spika za redio.

Baba alifanya kazi kwenye korona. Siku hizi neno hilo linawatisha watu, lakini sisi tulikuwa nalo muda mrefu kabla ya ugonjwa. Ndivyo tulivyoiita mashine ya kuchakata mkonge. Majani yanaingia upande huu, singa nyeupe zinatokea upande ule, na hapo katikati kuna ngurumo ambayo ukisimama karibu unaisikia kwenye meno. Watu wa korona walizungumza kwa mikono. Walikuwa na ishara ya maji, ishara ya kusimamisha mashine, ishara ya mkubwa anakuja, na nyingine ambazo mama alitukataza kuziiga. Wakirudi nyumbani walipayuka hata wakiomba chumvi. Sisi watoto tuliona ndivyo akina baba wote wanavyozungumza.

Tuliishi kwenye nyumba za laini zilizojengwa enzi za manamba, wale waliotolewa mikoa ya mbali kuja kukata mkonge. Babu yangu alikuwa mmoja wao, alitoka Kigoma. Bati lilikuwa moja, refu, na chini yake familia sita. Kuta zilizotutenganisha hazikufika juu kwenye bati. Ziliishia kidogo juu ya kimo cha mtu mrefu, na kuanzia hapo palikuwa wazi, hewa, moshi na maneno vikipita bila kupiga hodi. Ng'ambo ya ukuta wa sebule yetu aliishi Mama Zuhura, Mzigua wa Handeni, mjane mwenye binti mmoja, aliyekuwa akiuza vitumbua kwenye lango la kiwanda. Mama yangu, Mshambaa wa Kwashemshi, alimsalimu kila asubuhi kwa lugha ya kwao, "Onga makeo!", bila hata kuinuka kitandani, na Mama Zuhura akamjibu huku akikoroga unga wake. Kiberiti tulirushiana juu ya ukuta. Mtu akipiga chafya upande mmoja, upande wa pili walimwombea afya. Ndiyo maana nasema spika hazikuwa za kwetu peke yetu. Ukinunua kitu chenye sauti katika nyumba ile, umewanunulia na wenzako.

Redio tuliyokuwa nayo ilikuwa ya kaseti, na spika yake ya ndani ilikuwa imepasuka, inaunguruma kama nyuki kwenye kopo. Kila jioni baba alikaa mbele yake kusubiri matangazo ya vifo. Babu alipozeeka alirudi Kigoma na bibi, akafia huko, na bibi akabaki na wanawe wengine. Simu, kambini hapakuwa na mtu aliyekuwa nayo. Msiba ulikuja kwa barua au kwa redio, na barua ilitembea kwa miguu. Mwaka uliotangulia, shangazi yangu mkubwa alifariki na akatangazwa jioni mbili mfululizo. Sisi tulikuwa uani na mama tukipika. Baba alikuwa ameketi palepale, redio inazungumza, na tangazo likampita. Barua ilipofika, arobaini ilikuwa imeshakwisha. Nilimwona akiikunja, akaikunjua, akaikunja tena. Wahenga husema sikio halilali na njaa, lakini la baba yangu lililala na njaa jioni mbili zote. Akailaumu ile spika iliyopasuka, akaapa kwamba habari ya mama yake haitampita.

Basi kiangazi hicho, nikiwa darasa la tano, akaenda Mombo kwa fundi wa redio aliyeitwa Salehe, mwenye kibanda pembeni ya stendi. Alirudi juu ya tela la trekta, amekumbatia masanduku mawili ya mbao, kila moja linanifika kiunoni, yenye kitambaa cheusi mbele. Watoto wa laini nzima tuliyasindikiza kama bibi harusi. Lakini baba alikuwa amefanya kosa ambalo mtu wa korona peke yake angeweza kulifanya: alizichagua spika katikati ya honi za mabasi na kelele za wapiga debe, kelele ambazo yeye hakuziona kuwa kelele kwa sababu amezoea kuishi ndani ya ngurumo. Pale stendi zilionekana za wastani tu.

Jioni ile akaunga nyaya, akazungusha kitufe. Sijawahi kuona sauti ikifanya kazi ya mikono namna ile. Vikombe vilicheza kabatini. Vumbi na masizi ya miaka mingi yakadondoka kutoka kwenye bati, upande wetu na upande wa pili, na ng'ambo ukasikika mfuniko wa sufuria ukianguka na kuzunguka sakafuni.

"Mama Ester!" Mama Zuhura aliita. "Mna harusi humo? Mbona sisi hamkutupa kadi?"

"Ni spika za Baba Ester, dada!"

"Basi mwambie Baba Ester unga wangu umeshaingia masizi. Kesho wanaume watakula vitumbua vyeusi, na nitasema vimepikwa na yeye!"

Baba alituangalia tukicheka. "Anasemaje?" akauliza, na mkono wake ukaongeza sauti kidogo.

Ilikuwa hivyo siku baada ya siku. Mama Zuhura alikuwa mtu wa kulala mara baada ya sala ya isha, maana aliamka kabla ya majogoo. Mzaha ukapungua, kisha ukaisha. Mama akipunguza sauti, baba anaongeza. Mzee mmoja wa chumba cha mwisho akasema debe tupu haliachi kuvuma, na hakuwa akisema spika. Mwishowe Mama Zuhura alikuja mlangoni, akiwa amejifunga khanga kiunoni, akasema kwa upole uliotutisha kuliko makelele kwamba amemwomba mnyapara wa kambi amhamishie laini ya chini. Mama akalia. Mwanamke yule ndiye aliyempokea mdogo wangu alipozaliwa usiku wa mvua, kabla mkunga hajafika. Alikuwa ndugu yetu wa karibu kuliko wote waliokuwa Kigoma na Kwashemshi.

Mimi nilikuwa na jambo nililoliona na sikuwa nimelisema. Kulikuwa na kipindi cha vichekesho redioni, na nilikuwa nimegundua kwamba baba hucheka baada yetu. Hakuwa akiisikiliza redio. Alikuwa akiangalia nyuso zetu. Jioni ileile ya Mama Zuhura kuaga, msomaji wa habari alitaja mvua ya mkoa wetu, sauti ikiwa juu kiasi cha kutikisa taa ya chemli, na baba akanigeukia: "Wamesema mvua lini?" Nikajibu bila kufikiri, kwa sauti ya kupayuka ya kushinda spika: "Baba, wewe husikii!" Kumbe wakati huohuo mama alikuwa amezima redio. Neno langu likabaki peke yake hewani, likapanda, likavuka kuta zote, vyumba sita.

Lazima nieleze maana yake. Kwenye kambi ile, mtu wa mashine aliyejulikana kuwa hasikii aliondolewa kwenye mashine na kurudishwa shambani kukata, kazi ya vijana, na baba hakuwa kijana. Alijua siku nyingi kwamba masikio yake yanakufa. Alikuwa akiificha siri hiyo kwa kiwanda, kwa mama, na nadhani hata kwa nafsi yake, na mimi nimeitangaza. Laini nzima ilikuwa kimya. Baba aliweka mikono magotini akaiangalia. Ndipo kutoka ng'ambo ya ukuta ikaja sauti ya Mama Zuhura, ya kawaida kabisa, kama ya mtu aliyetoka uani sasa hivi na hajui lolote:

"Mama Ester, una chumvi? Yangu imekwisha."

Mama akafunga chumvi kwenye karatasi akairusha. Vyumba vingine navyo vikaanza kuzungumza, mmoja baada ya mwingine, habari za kuni, habari za mbuzi. Hakuna mtu wa laini ile aliyewahi kulifikisha neno langu kiwandani. Asubuhi, nikipita kwenye mlango wa Mama Zuhura kwenda shule, niliona chungu chake cha chumvi kimejaa mpaka mdomoni.

Jumamosi alikuja kwetu mwenyewe, akaketi mkekani. Akamwambia baba, uso kwa uso na polepole ili amsome midomo: "Shemeji, hilo lidude linakutikisa kifua tu. Maneno hayakufikii. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Tafuta spika ndogo, uiweke sikioni pako." Baba alitaka kukasirika, nikaona, halafu akacheka, na safari hii alicheka wa kwanza. Akayapeleka masanduku kwa Salehe, akaiacha na baiskeli yake kama rehani, akarudi kwa mguu na spika mbili ndogo, kila moja kama tofali, za kujaribu.

Zilijaribiwa Jumapili alasiri, korona ikiwa imesimama. Mama Zuhura alipanga kila kitu kama mtu anayepima nguo mwilini. Baba akae kwenye kiti chake anachokalia siku zote. Spika moja ikawekwa juu ya kigoda, usawa wa sikio lake la kulia ambalo lilikuwa na nafuu, na ya pili kwenye kabati, ikitazama mkeka wetu. Hakuna iliyoegemezwa ukutani, na chini ya kila moja akakunja gunia, ili mtetemo usishuke sakafuni. Mimi nikatumwa ng'ambo, nikalale kwenye kitanda chake nisikilize kama yeye. Zuhura akashika kitufe. Alipandisha taratibu, na mama yake kila mara akiuliza, "Shemeji, amesema nini?"

"Anasoma... bei," baba alisema. Kisha: "Bei ya mahindi." Kisha, kwa sauti ambayo sikuwa nikiijua, ndogo, ya mtu asiyepayuka: "Bei ya mahindi Korogwe."

"Na wewe Ester huko?"

"Nasikia mtu anazungumza, lakini sijui anasema nini," nikajibu nikiwa chali.

"Hapohapo!" akasema Mama Zuhura. "Zuhura, weka alama." Zuhura akatoa rangi yake ya kucha, nyekundu, akadondosha tone kwenye kitufe na jingine kwenye redio, yakakutana. Huo ukawa mpaka wa nyumba zetu mbili. Hakuna aliyeuvuka, na Mama Zuhura hakuhama.

Kabla mvua za vuli hazijaanza, jioni moja tukiwa uani, baba alitoka na kusimama mlangoni. Alisema, "Mama amefariki. Wamemtaja. Wamenitaja na mimi." Alikuwa amesikia kila neno, mwenyewe, na sauti haikuwa imevuka alama. Kesho yake alfajiri Mama Zuhura alimfungia vitumbua vya safari. Baba alipanda treni akafika Kigoma matanga hayajaanuliwa, akamwaga udongo wake juu ya kaburi la mama yake. Katika maisha yake sikumsikia akishukuru kwa jambo lolote zaidi ya hilo.

Siku hizi ninaishi Mkata, nimepanga vyumba viwili, na baba alimalizia miaka yake kwangu, pamoja na redio na spika zake. Wanangu wanataka sabufa. Nimewaambia sawa, lakini kwanza waende chumbani kwa jirani wakalale kitandani kwake wasikilize. Wakanicheka, na wao kila mmoja ana nyaya zake masikioni. Baba alipofariki, habari ilisambaa kwa simu kabla hatujamaliza kumfunika. Kigoma walijua, Dar es Salaam walijua. Tulimzika kesho yake. Na katika wepesi wote huo nilimsahau Mama Zuhura. Anaishi Korogwe kwa binti yake, hana simu, hayumo kwenye kundi lolote. Aliambiwa na mtu sokoni, siku ya nne. Nimeandika yote haya ili nifike hapa niseme ukweli: mwanamke aliyempa baba yangu masikio ya kuusikia msiba wa mama yake, msiba wa baba yangu ulimpita, na ni mimi niliyeuacha umpite.

Siku ileile Mama Zuhura alishuka kwenye basi jua likielekea kuzama, anatembelea fimbo. Nilimpokea, "Shikamoo, mama," akaitikia, akaingia, akaangalia kiti, kigoda, na ile spika ndogo kama tofali iliyokuwa bado mahali pake. Redio ilikuwa imezimwa tangu msiba.

"Mbona kimya?" akauliza. "Washa. Mpaka kwenye alama."

Nikawasha. Rangi ya kucha imebanduka, imebaki kama chembe ya damu, lakini inaonekana. Alisikiliza matangazo mpaka mwisho, macho yamefumbwa. Nikamwandalia ugali na kunde, nikapiga magoti mbele yake, nikasema nilimsahau, hakuna kisingizio, anisamehe. Nilisema kwa sauti, na chumba cha jirani kilisikia.

Mama Zuhura alikuwa ameshamega tonge. Alilitazama, akaitazama mboga niliyokuwa nimeionja mwenyewe mara mbili.

"Ester," akasema, "una chumvi?"

Nikainuka kwenda kuileta.